Samaki wa Kwanza ni wa Mama

Juzi, mvua ya kwanza iliponyesha, mume wangu alichimba nyuma ya jiko, pale chini ya migomba ninapomwaga maji ya vyombo, na harufu ya udongo ule ikaingia ndani hadi mezani. Ni harufu ya minyoo. Yeye alisema inanukia vizuri. Mimi niliinuka nikafunga dirisha. Kuna watu husema kuvua samaki kunatuliza roho. Huwa nawatazama tu, nasubiri wamalize. Maishani mwangu sijawahi kuwa na hasira kama nilizokuwa nazo likizo ile niliyojifunza kuvua, hapa hapa Kalemie kando ya ziwa, nikiwa na miaka kumi na vidole vinavyonuka minyoo hata kanisani.

Nililetwa hapa kwa treni kutoka Kongolo. Baba alifanya kazi ya reli na hakukaa mahali pamoja. Yeye na mama walikuwa wameachana, na mama akarudi kwao Moba. Basi nikakabidhiwa kwa shangazi, dada yake baba, ambaye Mungu hakuwa amemjalia mtoto. Wiki ileile niliyoshuka kwenye treni majirani walianza kumwita Mama Feza, kwa jina langu, naye akaitika kama mtu aliyelingoja jina hilo miaka mingi. Mimi nilikuwa nawasahihisha. Mtu akiniambia nimsalimie Mama Feza, namjibu kwamba Mama Feza yuko Moba, huyu ni shangazi. Nilisema hivyo hata yeye mwenyewe akiwa amesimama pale, sufuria mkononi. Alinisuka kila Jumamosi, alinichagulia minofu isiyo na miiba, na mimi niliyapokea yote kama haki yangu. Watoto hawana aibu.

Moba niliijua kwa maboti yake. Yalifika na unga wa muhogo, maharage, mbuzi waliolia njia nzima, na mara mojamoja salamu za mama: kipande cha kitenge, au neno tu kupitia kwa msafiri, kwamba nisome vizuri. Kila boti lilipofika niliuliza tutaenda lini. Shangazi alijibu, "Tutaona." Nyinyi wa rika langu mnaijua "tutaona" ya watu wazima. Haijawahi kumfikisha mtoto popote.

Mume wa shangazi, Papa Asukulu, alikuwa Mubembe wa kaskazini mwa ziwa, mvuvi wa ndakala, wale dagaa wetu. Aliingia ziwani jioni na taa zake, akarudi alfajiri, akalala hadi adhuhuri. Siku moja, mwanzoni mwa likizo kubwa, tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu wa muhogo, na ngege nikamuuliza nani alimfundisha kuvua.

"Baba yangu," alisema. "Na samaki wangu wa kwanza sikumuonja. Kwetu mutoto haule samaki wake wa kwanza. Anamupelekea mama mwenye alimuzaa, mukono kwa mukono. Ukimutuma mutu mwengine amupeleke, maji inakufunga, haupate tena. Njo sheria yetu."

"Hata mtoto wa kike?"

"Maji haiangaliake mwanaume na mwanamuke."

Niliacha kutafuna. "Basi nifundishe. Nikipata samaki, itabidi munipeleke Moba."

Papa Asukulu alicheka, akasema sawa, mradi nimpate kabla masomo hayajaanza. Shangazi alisukuma sahani yangu karibu. "Kula," alisema. "Bukari inapoa."

Mimi sheria ile niliielewa kwa namna yangu. Niliona kwamba mama akishapokea samaki mkononi mwangu, amenipokea na mimi. Hakuna aliyesema hivyo. Lakini mtoto akitaka jambo hujazia mwenyewe maneno yaliyokosekana, na mimi nililala siku ile nikipanga nguo zipi nitabeba na zipi nitawaachia watoto wa jirani.

Shule yangu ilianza alasiri ya kesho yake, kwenye mawe yaliyo chini ya mtaa wetu. Papa Asukulu alinipa mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, nati ya chuma aliyoiokota penye reli iwe uzito wake, na ndoano moja. Ndoano aliniwekea kiganjani, akanionyesha kile kijino kidogo kinachoangalia nyuma.

"Hii inaingia, haitoke. Njo kazi yake. Na njo moja tu nakupa. Ukiipoteza, umeisha kujifunza."

Kazi ya kwanza ilikuwa mnyoo. Nilipomtoboa akajikunja juu ya kidole changu, nikamtupa, nikalia. Papa Asukulu alisubiri nimalize kulia, akanipa mwingine. Kazi ya pili ilikuwa kurusha. Unauzungusha uzito mara mbili hewani, unaachia. Yeye aliachia, nati ikaenda mbali ikazama. Mimi niliachia ikanipiga kisogoni. Niliachia tena ikaenda nyuma, ikashika kitenge cha mama mmoja aliyekuwa akifua. Niliachia mara ya tatu ndoano ikanasa katikati ya mawe, na kwa kuwa ilikuwa moja tu niliingia majini hadi kifuani kuitoa kwa vidole, huku wavulana wa mtaani wakiniuliza kama natafuta meno ya bibi yangu. Siku nne nzima mimi na samaki hatukukutana kabisa.

Na nailoni ina roho mbaya. Uiache imelala vizuri juu ya jiwe, ugeuke kidogo tu, ukirudi imejifunga mafundo yasiyo na kichwa wala mkia. Nilikuwa nafungua mafundo kuliko kuvua. Papa Asukulu alipenda kusema subira huvuta heri. Nilimjibu hiyo heri basi ije upesi, likizo inakwisha. Alicheka, na kicheko chake kikaniudhi kuliko mafundo.

Wiki ya pili nilijua kurusha. Nilijua kukaa kimya na kuangalia kivuli changu kisiangukie majini. Lakini nilivuta mapema mno, kila mara, na samaki walikula minyoo yangu kwa raha zao. Siku moja niliporudi kutoka mazoezi ya kwaya nilimkuta shangazi ameukunjua mshipi wangu wote uani, amefungua mafundo moja moja, na anauzungusha upya kwenye kijiti. Sikumshukuru. Nilimwambia ameuzungusha kinyume.

Baada ya hapo mambo yaligeuka, na yakawa mabaya zaidi, kwa sababu samaki walianza kushika.

Asiyewahi kuvua hawezi kuujua uchungu huu. Uzi unagonga kidoleni, kidogo, kidogo tena, halafu uzito. Sasa nilikuwa najua kusubiri ule uzito. Nikavuta, na kitu kikaja, kikipambana, nikaona mgongo wa ngege chini ya maji, mpana kama kiganja cha baba. Moyoni nilikuwa tayari nimeshafika Moba. Alipotoa kichwa nje alijitikisa mara moja tu, akaondoka. Ndoano ikanirudia tupu. Siku ile ilitokea mara tatu. Kesho yake mara nne. Wote walishika, wote walikuja hadi juu, wote walijitikisa na kwenda zao, kana kwamba wameambizana.

"Wa Kongolo," wavulana waliniita, "unabakaribisha chai tu, banakunywa banaenda?"

"Unalegeza uzi," alisema Papa Asukulu. "Ukiulegeza, anatoka."

"Silegezi."

"Unalegeza, Feza."

Ndoano hakuiangalia hata mara moja. Aliinunua mwenyewe, aliifunga mwenyewe, aliijua. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu, na nikaanza kulitafuta. Kwanza niliamua samaki wa ziwa wananusa maji ya Lualaba mwilini mwangu, maana nilizaliwa kando ya mto ule. Nilijisugua mikono kwa majivu na ndimu hadi ngozi ikawasha. Hawakukubali. Kisha niliona labda wananichukia kwa kuwa nakula ndugu zao, nikagoma kula samaki; shangazi akanipikia sombe, majani ya muhogo, bila ndakala, bila kuniuliza neno. Nayo haikusaidia. Mwishoni niliungama kwenye sala kwamba nilikuwa nimeiba sukari ya kabatini, na kesho yake samaki watano walitoka. Nilijuta hata kuungama.

Jioni moja, baada ya ngege mkubwa kuliko wote kuniponyoka huku nimeshamgusa mdomo, nilichukua fimbo nikayapiga maji. Niliyapiga mpaka mkono ukachoka. Shangazi alikuwa ameteremka kuniletea sweta, akasimama juu ya mawe akinitazama.

"Acha, Feza," alisema. "Samaki si lazima. Utamupata mwaka mwengine."

"Wewe unafurahi nikikosa," nilimwambia.

Aliweka sweta juu ya jiwe, akapanda kurudi nyumbani. Nilidhani ni ubaridi wake wa kawaida.

Zilipobaki siku nane masomo yaanze, nilikwenda kwa Mama Zaituni. Aliuza nailoni, ndoano na maboya katika kibanda karibu na soko. Ukoo wake ni wa Waislamu waliofika zamani na biashara ya ziwa, na Kiswahili chake kilifanana na cha watu wa Kigoma. Nilimuuliza ngege wanapenda chambo gani zaidi ya minyoo.

"Kwani minyoo yako hawaili?"

"Wanaila. Wanashika, halafu wanatoka."

"Wote?"

"Wote."

Alivaa miwani. "Hebu nione ndoano."

Aliipitisha kidole gumba taratibu, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akatoa mpya kwenye kopo na kuziweka pamoja kiganjani mwake. "Mwanangu, hii yako haina jino. Lilikuwepo, limesagwa. Tazama panavyong'aa. Hii ni kazi ya jiwe, na ya mtu aliyetulia." Alinitazama juu ya miwani. "Marehemu mume wangu angeweza kuvua kwa hii, maana alikuwa halegezi uzi hata akipiga chafya. Wewe utahangaika bure. Shika hii nyingine, uende nayo. Ila usiende nyumbani na hasira."

Nilikwenda na vyote viwili, ndoano na hasira.

Papa Asukulu alikuwa uani akishona wavu. Nilimtupia ile ndoano iliyosagwa mapajani. Nilikuwa nalia kwa ghadhabu kiasi kwamba maneno yalitoka vipandevipande. Nilimuuliza kwa nini alinidanganya, kama hakutaka kunipeleka Moba si angesema tu. Yeye aliokota ndoano, akaipapasa, akakunja uso. Hakunitazama mimi. Alitazama mlango wa jiko, pale lilipokuwa jiwe la kunolea visu.

"Mama Feza," aliita polepole. "Kuya hapa."

Shangazi alitoka, mikono ina unga.

"Nani aliguza ndoano ya mutoto?"

Alinitazama mimi, si mumewe. "Njo mimi."

Papa Asukulu aliweka wavu chini. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. "Chombo ya mwenye kuvua haiguswake. Hata ya mutoto. Siku zote hizi namuambia analegeza uzi, kumbe namusingizia. Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Weye njo ulimupa sheria. Ile sheria inamupeleka kwa mama yake, na akifika kule harudi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Na miye nitabakia na nini?"

"Lakini sheria ni ya samaki," alisema Papa Asukulu. "Nani alisema mutoto anabakia kule?"

Hakuna aliyesema. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliosikia sheria moja kwa namna moja, mimi kwa furaha na yeye kwa hofu, na wote wawili tuliisikia vibaya. Leo naliona hilo wazi. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na wiki nyingi za mawe na minyoo nyuma yangu, na nilichomwambia shangazi ni kwamba ndiyo maana Mungu alimnyima mtoto.

Papa Asukulu aliinuka, nikajua nitapigwa. Shangazi alimshika mkono. "Mwache," alisema. "Ana haki ya kukasirika." Kisha akarudi jikoni, na tukasikia mwiko ukigonga sufuria.

Kesho yake, kwa ndoano ya Mama Zaituni, nilimpata. Mnyoo wa kwanza, mgongo wa kwanza. Alijitikisa kama wenzake, akabaki. Alikuwa mdogo kuliko wengi walionitoroka, na wavulana walipopiga makofi nilitamani kuwarushia mawe. Likizo nzima nilijiona mjinga na mwenye mkosi, na kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Nilipanda nyumbani nikimshika kwa mikono miwili, na furaha niliyoingoja haikuja. Nilisikia uchovu tu.

"Mubichi hatafika Moba," alisema shangazi. "Lete."

Sikuwa na njia nyingine, nikampa. Alimpasua, akamtia chumvi, akamlaza juu ya chanja, akakaa mbele ya moto alasiri ile yote na siku iliyofuata. Alimgeuza kwa vidole, akatoa kuni moto ulipozidi, akarudisha moshi ulipopungua. Mimi nilikaa ng'ambo ya ua nikimlinda samaki wangu dhidi yake. Kila aliponyoosha mkono nilisimama.

Papa Asukulu alisema atatafuta mtu wa kunisindikiza. "Nitamupeleka miye," alisema shangazi. "Miye njo niliharibu." Papa Asukulu alimtazama muda, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wa Kongolo kama mimi, na tangu aolewe Kalemie hakuwahi kupanda boti. Aliliogopa ziwa. Safari nzima alishika ubao kwa mikono miwili, akatapika, akajifuta, akashika tena. Sikumsemesha. Samaki alikuwa mapajani mwangu ndani ya kitambaa, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayosema.

Mama tulimkuta sokoni, karibu na mahali maboti yanapofikia. Alikuwa anauza samaki wa kubanika, makapu mawili mbele yake, na mtoto mchanga mgongoni ambaye hakuna aliyekuwa ameniambia habari zake. Alinikumbatia kwa nguvu. Alisema nimekuwa murefu. Nilifungua kitambaa, nikamnyooshea samaki kwa mikono miwili, nikasema maneno yangu: huyu ni samaki wangu wa kwanza, nimemvua mwenyewe, ni wako.

"Asante, mama," aliniambia, na alifurahi kweli, nisimsingizie. Alimpokea, akamnusa, akamsifu. Kisha mteja akamwita, mtoto akaanza kulia, na mama alihitaji mikono yake. Alimweka samaki kapuni ili amfungue mtoto mgongoni, akanipa nimbebe, akageukia wateja. Walikuwa wengi. Nilimbembeleza yule mtoto nikisubiri wapungue.

Walipopungua nilimuuliza, "Utamla leo?"

"Nani?"

"Samaki wangu."

Alitazama makapu. Akainua mmoja, akamweka. Akainua mwingine, akamgeuza. Uso wake ulibadilika kidogo. "Feza, hawa wote ni ngege. Wa kwako ni yupi?"

Niliinama na mimi. Wote walikuwa wekundu wa moshi, wote wamepasuliwa vilevile, wengi wa ukubwa uleule. Na mimi niliyemvua, niliyempigania likizo nzima, niliyembeba mapajani kuvuka maji yote yale, sikumjua. Hilo liliniuma kuliko kule kutiwa kwake kapuni.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, bado anayumba kutokana na boti. Alikuja, akainama, wala hakupekua. Alimtoa mmoja aliyekuwa chini ya wengine wawili, akampangusa na ncha ya kitenge chake, akamweka mkononi mwa mama.

"Njo huyu," alisema.

Mama alimtazama samaki, halafu akamtazama yeye kwa muda mrefu. "Asante, wifi," alisema, kwa sauti ya chini.

Siku ile mama alimpika peke yake kwenye sufuria ndogo, akamla mpaka kichwa, nikiwa namtazama. Tulikaa kwake siku mbili, katika chumba chake na mume wake mpya. Hakuna aliyeniambia nibaki, na hakuna aliyeniambia niondoke. Boti lilipoita abiria nilimbusu yule mtoto, nikamuaga mama, nikachukua kifurushi changu nikapanda kabla ya shangazi, nikampa mkono wa kumvuta juu kwa sababu vinginevyo tungechelewa.

Sikuwa nimemsamehe. Nilimnunia kutoka Moba mpaka kituo cha njiani cha Zongwe. Hapo njaa ikanishinda. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa. Nikanyoosha mkono huku nikiangalia upande mwingine, naye akaachia ubao kwa mkono mmoja, akaumega, akanipa kipande kikubwa.